Kujifunza kuendesha kamyo kubwa: mambo ya kuchunguza mbele ya kulipa shule

Wandugu, tangu nilianza kazi ya kamyo, wale tulisoma nao wananiuliza swali moja tu: « Mukubwa, shule ya muzuri ya kamyo iko wapi, na wanalipisha ngapi? » Wenye kuuliza wako na lisansi ya sheria, ya ekonomi, ya agronomi sawa mimi. Wamoja wanauliza kwa haya, sawa vile wanaomba kitu kibaya. Nimeona vizuri niandike jibu moja lenye kukamata watu wote.

Nitaanza na kugeuza swali kidogo. Mbele ya kuuliza « ngapi », unapaswa kuuliza « watanifundisha nini ». Kama haujui mambo yenye shofere wa kamyo anapaswa kujua, hauwezi kujua kama bei ya shule ni kubwa ao ndogo. Utalipa tu, utapewa karatasi, na siku moja utajikuta juu ya kamyo yenye kupita tani 50, ku mutelemuko, na freni zinaanza kunuka. Siku ile karatasi haitakusaidia.

Juu ya nini kazi iko

Huku kwetu Haut-Katanga na Lualaba, kamyo njo zinabeba uchumi. Mu 2024 inchi yetu ilitosha kupita tani milioni 3 za shaba. Fanyeni hesabu: kama kila kamyo inabeba tani 30, zile ni safari 100 000 kwa mwaka, ni kusema karibu 270 kila siku. Na kamyo hairudi bure. Inarudi na asidi, salfa, chokaa ya mitambo, mazutu, vipuri, saruji, na mahindi ya Zambia yenye tunakula bukari. Sehemu kubwa ya ile mizigo inapita Kasumbalesa, kilometre karibu 90 kutoka Lubumbashi.

Lakini musidanganyike: ile hesabu haina maana kama kazi inakungojea ku mulango. Kamyo mingi zenye munaona ku foleni ya Kasumbalesa ziko na plaki za Zambia, Tanzania ao Afrika ya Kusini, na mashofere wao wanatoka kule. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance inawekea kampuni zenye makuta ya Wakongomani kazi za aina hii, lakini ile sheria inasema juu ya mwenye kampuni. Haisemi nani atakaa ku vola. Mwenye kamyo ya dola elfu makumi atampatia funguo mutu mwenye anajua kazi. Vilevile kazi inafuata maamuzi ya wakubwa: mu Februari 2025 serikali ilisimamisha kutosha cobalt, na kisha, mu Oktoba ya ule mwaka, ikaleta mufumo wa quota. Na muzigo mumoja unaanza kuelekea Lobito kwa treni. Donc, kazi iko, lakini ni ya mutu mwenye amefundishwa.

Permi na breve si kitu kimoja

Sheria yetu ya barabara ni ile nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Inagawanya permi kwa kategori. B ni ya motokari ndogo, mupaka kilo 3 500. C ni ya kamyo yenye kupita ile uzito. D ni ya bisi za kubeba watu. E ni ya kukokota remorke. Mutu mwenye anataka kuendesha semi-remorke anahitaji C na E. Mutu mwenye iko na B peke yake hana ruhusa ya kugusa kamyo, hata kama amesafiri nayo miaka 10 akiwa konvoyeri.

Sasa sikilizeni: otoekoli inatoa breve. Breve inasema tu kama ulifuata masomo. Permi inatolewa na serikali, kupitia CONADEP. Shule yenye inakuambia « leta picha 4 na makuta, permi itakufikia ku nyumba » haiuzishi masomo, inauzisha shida. Mimi mwenyewe nilipitia ku otoekoli moja ya hapa mujini (sitaitaja) yenye ilikubali kuniandikia breve ya C siku ileile, na mu kiwanja chao hakukuwa hata kamyo moja. Niliwashukuru, nikatoka.

Juu ya nini ile ni mbaya zaidi kuliko kutupa makuta? Juu kampuni za muzuri hazisomi permi tu. Wanakuingiza mu kamyo, wanakuambia « zungusha gari, unionyeshe kile unaona ». Mu dakika 5 wanajua. Na kama hawakupime, wakakuachia kamyo, basi ile ni kampuni ya kuogopa.

Mambo yenye shule inapaswa kukufundisha

1. Freni za hewa. Mu motokari ndogo, mafuta njo inasukuma freni. Mu kamyo ni hewa. Mashini inajaza hewa mu matangi. Unapokanyaga freni, ile hewa inasukuma freni za mapine. Freni ya kusimamisha gari inafanya kinyume: kuko ressort ya nguvu yenye inataka kufunga pine wakati wote, na ni hewa njo inaizuia. Ukitosha hewa, ressort inafunga. Njo maana kamyo yenye imepoteza hewa inakataa kutembea. Shofere mwenye hajui hii anafikiri gari imekufa, anaita fundi, anapoteza siku.

Asubuhi, kazi ya kwanza ni hii: washa mashini, ngoja shindano ya hewa ifike ku kipimo chake (mu kamyo mingi ni karibu bar 8 ao zaidi), zima mashini, kanyaga freni na ushikilie, angalia kama shindano inashuka. Kama inashuka bila kusimama, kuko fasi hewa inatoroka, na hautoki. Tosha na maji mu matangi, juu hewa inabeba unyevu, na maji inaharibu valve. Kama shule haijakufanyisha hii mara mingi mupaka mukono inazoea, haijakufundisha freni.

2. Mutelemuko. Huku Katanga inchi ni tambarare kwa sehemu mingi, kwa hiyo shofere wa hapa anaweza kufanya miaka 3 bila kujua kama hajui kutelemuka. Siku anatumwa Dar es Salaam, anafika Kitonga, kule Iringa, njo anajua. Wandugu wa Sud-Kivu, ninyi munajua Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu; hamuhitaji nielezee.

Kanuni ni moja: unachagua vitesi ndogo MBELE ya kuanza kutelemuka, unaachia mashini na freni ya mashini zishike uzito, na freni ya miguu unaitumia kwa kidogo-kidogo, unakanyaga na kuachia. Ukishika freni ya miguu kwa muda mrefu, inapata moto, na freni yenye moto haishike tena. Harufu ya kuungua ni barua ya mwisho. Na ukianza kutafuta vitesi ndogo pale katikati ya mutelemuko, unaweza kukosa kuingiza hata moja, ukabakia hewani. Kamyo yenye iko hewani ku mutelemuko haina shofere tena, iko na abiria tu.

3. Kusimama. Ku mwendo wa 80, gari inapita metre 22 kila segonde. Mutu anaona hatari, ubongo unaelewa, mguu unakwenda ku freni: chukua segonde moja na nusu. Tayari metre 33 zimepita na freni haijaanza kazi. Kisha ongeza ile ya freni yenyewe, na ya tani 50. Njo maana mwalimu wa muzuri anakuhesabisha umbali kati yako na gari ya mbele kwa segonde, hapana kwa macho.

4. Kukata kona na kurudi nyuma. Remorke haifuate njia ya kichwa cha kamyo. Inakata kona kwa ndani. Ku rond-point, motari mwenye anajiingiza pembeni ya remorke upande wa ndani anaweza kukandamizwa bila shofere kusikia kitu. Unapaswa kujua fasi zote zenye kioo hazionyeshe: mbele kabisa chini ya kioo kikubwa, pembeni ya mulango, na nyuma yote.

Kurudi nyuma na remorke kunachanganya kila mutu ku mwanzo, juu ukizungusha vola kuume, mukia wa remorke unakwenda kushoto. Mwalimu wangu alitupatia dawa moja: weka mukono chini kabisa ya vola, upande wenye mukono inakwenda, ni upande wenye mukia itakwenda. Na kama hauoni, simama, shuka, angalia na macho yako. Hakuna haya. Haya iko ku kuangusha ukuta wa mutu.

5. Kufunga na kufungua remorke. Kuko selete (ile meza yenye mafuta nyuma ya kichwa cha kamyo), kuko pivo ya remorke yenye inaingia mule, kuko mipira miwili ya hewa na kamba ya umeme. Kisha kufunga, unaangalia na tochi kama ile ufunguo ya selete imefunga kabisa, halafu unaacha freni ya remorke imefunga na unavuta polepole na vitesi ya kwanza. Kama kichwa kinatoka peke yake, afazali pale kiwanjani kuliko ku barabara ya Likasi. Miguu ya remorke unaiinua yote mbele ya kutoka.

6. Muzigo. Hapa njo shule mingi hazifundishe kitu. Zambia na Tanzania zinapima kamyo ku mizani, na uzito wa mwisho wa gari na muzigo wake ni tani 56, na kila ekseli iko na kipimo chake. Unaweza kuwa chini ya tani 56 na bado ukatozwa, juu muzigo wote umewekwa nyuma. Shofere anapaswa kuangalia wakati wanapakiza, hapana kulala mu kabini.

Muzigo wa maji-maji ni hatari kwa namna yake. Tangi yenye imejaa nusu ni mbaya kupita yenye imejaa, juu maji inapata fasi ya kukimbia: ukikata kona, inakimbilia upande mumoja na inaweza kulalisha kamyo. Na kuko vitu vyenye ni vizito kuliko maji: asidi salfuriki ya nguvu, litre moja iko karibu kilo 1,84. Tani 30 za asidi hazifiki hata metre kibe 17.

Mu Februari 2019, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, huko upande wa Tenke, kamyo ya asidi iligongana na magari mengine, moja ilikuwa ya kubeba watu, na watu karibu 20 walikufa. Wamoja waliuawa na asidi yenyewe. Tunapita ile barabara kila siku. Mutu mwenye ananiambia « ni kukamata vola tu », ninamukumbusha ile fasi.

Kwa hiyo, kama unataka kubeba vitu vya hatari, unapaswa kusoma plaki ya rangi ya machungwa nyuma ya gari: asidi salfuriki ni UN 1830, kundi la 8, yaani vitu vya kuunguza ngozi, mazutu ni UN 1202, kundi la 3, vitu vya kuwaka. Asidi ikikugusa, ni maji mingi, kwa muda mrefu, na nguo unatosha. Asidi ikimwangika, watu wanakwenda mbali, upande upepo unatokea. Hapana kusogea juu ya kupiga picha.

7. Kuume na kushoto. Sisi tunatembea kuume. Zambia na Tanzania wanatembea kushoto. Ukivuka Kasumbalesa, unabadilisha upande. Hatari haiko pale ku mupaka, fasi kila mutu anaangalia. Iko kesho yake saa 11 asubuhi, wakati unatoka fasi ulilala, barabara ni tupu, na kichwa kinarudi ku mazoea ya nyumbani. Tena kamyo yenye vola iko kuume, hapa kwetu haioni mbele wakati wa kupita gari ingine. Shule yenye inataka kukutuma inje inapaswa kukusemesha juu ya hii.

8. Usingizi na karatasi. Kampuni zenye akili zinakataza kuendesha usiku, na zinaweka saa za kupumuzika. Nyingine zinalipa kwa safari, na shofere anajiua mwenyewe kwa kukimbia. Karatasi nazo: manifeste ya muzigo, karatasi za gari, bima ya yellow card ya COMESA kwa kuvuka mipaka, paspoti, karatasi ya chanjo ya homa ya manjano. Shofere mwenye hawezi kusoma manifeste anapigwa feza kila barriere. Hapa njo wenye kusoma kama sisi tuko na faida.

Namna ya kutambua shule ya muzuri

Usiulize ku simu. Kwenda pale, siku ya kazi, bila kutoa habari, na uangalie. Mimi niliangalia fasi 5 mbele ya kuchagua. Maswali yangu yalikuwa haya:

- Kamyo iko wapi? Niione. Inatembea? Iko na remorke?
- Tuko wanafunzi wangapi kwa kamyo moja? Kama muko 15, na somo ni saa 2, wewe utakaa ku vola dakika 8. Ile si kujifunza, ni kutembelea.
- Nitafanya saa ngapi ku vola, mimi mwenyewe? Waandike ile hesabu ku karatasi.
- Tutaendesha kamyo yenye muzigo? Kamyo tupu na kamyo yenye tani 30 ni magari mawili tofauti kabisa. Shule yenye haipakize hata mufuko wa muchanga inakufundisha nusu.
- Mwalimu alifanya kazi ku barabara miaka mingapi, na njia gani? Mwalimu wa muzuri anapenda ile swali. Mwalimu wa uongo anakasirika.
- Tutaingia chini ya gari? Nionyeshe garaji.
- Wale walimaliza mwaka jana, wako wapi? Nipatie wawili niongee nao. Kisha tafuta wengine wewe mwenyewe, ku parking ya Kasumbalesa, uwaulize bila mwalimu kuwa karibu.
- Nikianguka ku mutihani, ninafanya nini? Shule yenye inasema « hapa hakuna mwenye kuanguka » imejijibu.
- Mutanipatia risiti ya kila malipo? Lipa kwa sehemu, kufuata masomo, hapana yote siku ya kwanza.

Bei? Inabadilika, na inategemea saa. Njo maana ninakupa kipimo pahali pa bei: gawanya makuta yote na saa zako za kweli ku vola. Shule ya bei kidogo yenye inakupa saa 3 inaweza kuwa gali kuliko shule ya bei kubwa yenye inakupa saa 40. Fanya ile hesabu kwa kila fasi, na utaona wengine wanaanguka wenyewe.

Njia tatu zenye nimeona zinafanikiwa

Ya kwanza: otoekoli, kisha konvoyeri. Konvoyeri ni ule mwenye kusaidia shofere: anapima mapine, anafunga bache, analinda muzigo. Wenye lisansi wengi wanakataa, wanasema ni kujishusha. Mimi nilifanya miezi 9. Mule njo nilijifunza kusikia mashini, kubadilisha pine ya kamyo kwa jua la saa 7, kuongea na watu wa duane bila kupiga kelele. Lakini patana mbele: shofere akuachie vola mu kiwanja na mu parking, hapana ku barabara kama hauna permi ya kategori ile. Ukigonga bila permi, hakuna mwenye atasimama na wewe.

Ya pili: kuanzia ku mekaniki. INPP iko hapa Lubumbashi, ni chuo cha serikali cha kazi za mikono tangu 1964, na inafundisha mekaniki ya magari. Mutu mwenye ametoka mule na kisha akachukua permi ya C, kampuni inamuona mara mbili: anaendesha na anajua juu ya nini gari inalia.

Ya tatu: kupanda ngazi. Unaanza na kamyo ndogo ya tani 5 ao 7, ya kubeba muzigo mu mji, mwaka moja ao miwili. Kisha bene ya tani 20. Kisha semi-remorke. Inachukua muda, lakini ni ile njia yenye inaua watu kidogo. Kuko na site za madini zenye zinachukua watu na kuwafundisha wenyewe kuendesha mashini zao. Pale ushindani ni mukubwa, na wanapima macho, damu, pombe. Mwenye kunywa asijaribu.

Mbele ya kutia sahihi

Ukipata kazi, soma kontra. Iseme mushahara wa mwezi, feza ya njia, nani analipa ku mizani kama muzigo umezidi, nani analipa mazutu ikipungua, na kama uko ku CNSS. Kama kampuni inasema « kila hasara ni ya shofere », uliza ni hasara gani. Pine yenye imepasuka juu ilikuwa ya zamani si kosa yako. Piga picha ya gari yote siku unaipokea, kila pine, kila kioo.

Na wewe uko na haki ya kukataa kutoka na gari yenye freni ni mbaya. Ninajua ni vigumu kusema « hapana » wakati umetafuta kazi miaka 2 na watoto wa ndugu wanangojea feza za shule. Lakini fikiria hivi: mukubwa wa kampuni hayuko mu kabini. Watu wenye wako mbele yako ku mutelemuko, wale wa taxi-bus, wale mama wa kuuzisha makala pembeni ya barabara, hawakutia sahihi ku kontra yako.

Na diploma?

Watu wananiuliza kama agronomi imepotea. Hapana. Ninabeba sana mahindi na mbolea. Ninajua mahindi yenye unyevu wa kupita asilimia 13 ao 14 itaoza kama inakaa ku foleni chini ya bache yenye joto. Ninakataa kuifunika mbele ya kupimwa. Ninajua amonium nitrati haipandishwe pamoja na mazutu. Mukubwa wangu wa kazi aliona ile, na sasa ananiomba nikubali muzigo mbele haujapakizwa. Wa sheria atasoma kontra na karatasi za duane kuliko sisi. Wa ekonomi atahesabu bei ya kilometre. Masomo yetu hayafi. Yanapanda tu ku kabini.

Na wadada, hii andiko ni yenu vilevile. Vola ya kamyo za sasa ni nyepesi. Kazi inaomba macho, uvumilivu na akili ya kusimama. Swali lenu la ziada ku shule liwe hili: wanawake wangapi wamemaliza hapa, na kuko fasi gani ya kulala ku safari? Kama hawana jibu, wajue mumeuliza.

Mwenye anataka kuanza, afanye kazi moja wiki hii: aende ku shule 3, na yale maswali ku karatasi, aandike majibu, agawanye bei na saa za vola. Asilipe kitu siku ile. Arudi nyumbani alale juu ya ile hesabu. Barabara ya Kasumbalesa haitakimbia.